Zamu sita za jioni: kisa cha kaya isiyo na gari Mbeya

Kaya tunayoichambua ina watu watatu. Mama ni muuguzi katika hospitali iliyo upande wa juu wa mji, ana mtoto wa darasa la nne anayesoma Mwanjelwa, na anaishi na mdogo wake anayesoma chuo upande wa Iyunga. Wamepanga Isyesye, kilomita mbili na ushee kutoka barabara kuu, kwa kodi ya shilingi 120,000 kwa mwezi. Gari hawana na halimo kwenye mipango. Swali lao ni hili: wahamie Ilomba karibu na lami, ambako vyumba kama vyao ni 180,000, au wabaki Isyesye na kupanga usafiri upya?

Watu wengi wakiulizwa hivyo hujibu kwa kilomita. Mbeya kilomita hazisemi mengi. Jiji limejipanga kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuanzia Uyole kupita Nane Nane, Sae, Ilomba, Mama John, Soweto, Mwanjelwa na Mafiati, kisha Nzovwe, Iyunga na Mbalizi. Katikati ya mji hapako kwenye mstari huo. Pako juu yake, upande wa milima ya Loleza, na ukitoka Uyole unakata kulia Mafiati ndipo upande. Anayeishi na kufanya kazi kando ya mstari anahitaji gari moja tu hata akivuka jiji zima. Anayelazimika kuuacha mstari, ama kwa kupanda mjini ama kwa kuingia mtaani kwenye vumbi, ndiye anayelipa mara mbili, tatu.

Ndiyo maana katika kaya hii mdogo mtu, mwenye safari ndefu kuliko wote, ana safari nyepesi. Akishafika barabarani anapanda haisi ya Mbalizi, anashuka Iyunga, basi. Dada yake akipanda gari hilohilo anaachwa Mafiati na kuanza kutafuta jingine la kupanda mjini. Kosa hili wageni wa jiji hulifanya sana: wanaona gari linaelekea uelekeo wao, wanaruka ndani, konda hawaambii kitu. Soma maandishi ya mbele ya gari, na bado muulize konda kwa sauti kabla ya kukanyaga ngazi, "Unapanda mjini?"

Hesabu ya kwanza

Tuanze na nauli. Ukomo wa nauli za daladala uliotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 ni shilingi 600 kwa ruti isiyozidi kilomita 10 na 700 kwa kilomita 11 hadi 15. Mwanafunzi wa shule ni 200. Bei za boda na bajaji hazina ubao. Ni maelewano, na tunazotumia hapa ni zile kaya hii imezizoea. Boda kutoka nyumbani hadi lami ni 1,000. Bajaji ya kukodi kwa kipande hichohicho ni 2,000 hata mkiwa watatu. Boda ya usiku kutoka hospitali hadi mlangoni ni 7,000.

Muuguzi ana zamu 22 kwa mwezi: 10 za asubuhi, 6 za jioni na 6 za usiku. Asubuhi wanatoka wote saa 12:15 kwa bajaji moja. Siku za zamu nyingine mdogo mtu ndiye anayempeleka mtoto, kwa bajaji hiyohiyo, kwa hiyo ni 44,000 kwa siku 22. Watatu kwenye bajaji wanatosha kisheria. Boda ingebidi ziwe tatu, au wapande mshikaki, jambo ambalo trafiki analikataa na barabara ya utelezi inalikataa zaidi.

Baada ya hapo kila mtu na mfuko wake. Zamu za asubuhi zinamgharimu mama 600 kwenda na 600 kurudi, mchana anatembea kutoka lami hadi nyumbani, jumla 12,000. Zamu za usiku anatoka saa 1 jioni kwa boda ya 1,000 na daladala ya 600, anarudi asubuhi kwa 600, jumla 13,200. Zamu za jioni anakwenda mchana kwa 600 lakini anarudi kwa 7,000: mara sita ni 45,600. Mtoto anatumia 8,800, na mdogo mtu 30,800 kwa nauli ya 700 kila upande. Ukijumlisha vyote na bajaji ya asubuhi unapata 154,400.

Angalia ile 45,600. Zamu sita kati ya 22 zinakula zaidi ya nusu ya fedha anayotumia muuguzi mwenyewe nje ya bajaji ya pamoja. Kaya ilikuwa inalalamikia daladala na vumbi la Isyesye, kumbe fedha inapotelea kwingine kabisa.

Sasa Ilomba. Bajaji ya asubuhi inafutika. Mama anatumia 1,200 kwa kila zamu ya asubuhi au ya usiku, na kwa zamu ya jioni 600 ya kwenda na boda ya kama 4,000 ya kurudi, kwa mwezi 46,800. Mdogo mtu anashuka kwenye 600, mwezi 26,400. Mtoto kwa karatasi ni 8,800 ileile. Jumla 82,000. Tofauti na Isyesye ni 72,400, na ongezeko la kodi ni 60,000. Kwa hesabu hii wangehama kesho.

Kinachofichwa na hesabu hiyo

Ilomba iko katikati ya ruti. Saa 12:40 asubuhi haisi zinazotoka Uyole zinafika pale zimejaa, watu wameinamisha vichwa chini ya paa, mlango unafungwa kwa nguvu ya konda mwenyewe. Mtu mzima atajibana. Mwanafunzi wa 200 anaachwa, kwa sababu nafasi yake inaweza kuchukuliwa na mtu wa 600. Ni kosa, na makonda wanajua ni kosa, lakini linafanyika kila asubuhi mbele ya wazazi. Njia inayotumika ni mzazi kumlipia mtoto nauli ya mtu mzima asubuhi na kumwachia ile ya 200 wakati wa kurudi. Hiyo inapandisha gharama ya mtoto kutoka 8,800 hadi 17,600.

Njia nyingine ni kugeuza: unapanda gari linalokwenda Uyole, unakaa kwenye kiti, unageuka nalo. Unalipa nauli mbili na unapoteza zaidi ya nusu saa. Kwa mwenye mgongo mbovu au mama mwenye mtoto mchanga inafaa. Kwa kaya hii haifai.

Ndipo unapoona faida ya kukaa mwanzo wa ruti, ambayo watu wa Uyole wanayo bila kuitafuta: wako mbali zaidi lakini wanakaa. Isyesye haiko mwanzo kabisa, ila gari likifika usawa wake huwa bado lina pumzi.

Kwa marekebisho hayo Ilomba inakuwa 90,800. Tofauti na Isyesye inabaki 63,600, yaani faida ya kuhama ni 3,600 kwa mwezi baada ya kodi. Halafu kuna dalali, ambaye kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, 180,000, na kirikuu cha kuhamishia vitu. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mkononi: 1,080,000 badala ya 720,000. Kwa 3,600 kwa mwezi dalali hatarudishika hata baada ya miaka minne. Anayewaza kuhama kwa ajili ya nauli aanze na karatasi hii kabla ya kwenda kuangalia chumba.

Kuzikabili zamu sita zenyewe

Kwa nini boda ya 7,000 ilhali daladala ni 600? Zamu ya jioni inakwisha saa 2 usiku, makabidhiano yanavuta hadi karibu saa 3. Gari bado zipo, lakini zinasubiri zijae, na nyingi saa hizo hukatisha ruti. Konda anatangaza "mwisho hapa" Mwanjelwa au Soweto, abiria wanateremshwa, gari linageuza. Ukishuka huko usiku huna pa kushika. Kwa hiyo usilipe nauli mwanzoni mwa safari. Lipa ukishapita pale wanapopenda kugeuzia. Ukiwa umelipa na gari likakatisha, dai urudishiwe au uhamishiwe kwenye gari jingine kwa nauli uliyotoa, na udai hapohapo mlangoni kabla gari halijaondoka. Na hata daladala likifika, bado kuna kilomita mbili za giza.

Tulichopendekeza ni bajaji ya pamoja. Kila zamu ya jioni wanatoka wauguzi na wahudumu kadhaa wanaoelekea upande wa mashariki, na kila mmoja anakodi boda yake kana kwamba wenzake hawapo. Bajaji moja kutoka hospitali hadi Isyesye kwa 10,000, ikishusha Mama John na Sae, inagawanywa 2,000, 3,000 na 5,000 kwa kadiri ya umbali. Kugawana sawa kwa sawa kunaonekana ni undugu, lakini wa Mama John atajitoa wiki ya pili na mpango utakufa. Muuguzi wetu anaokoa 2,000 kwa kila zamu ya jioni, 12,000 kwa mwezi. Jumla ya Isyesye inashuka hadi 142,400, na Ilomba haina tena faida: tofauti ya usafiri ni 51,600 dhidi ya kodi ya 60,000.

Kumpata dereva wa mpango huu kuna utaratibu wake. Achukuliwe kwenye kijiwe kinachojulikana, siyo aliyepita tu, kwa sababu kijiwe kina kiongozi na daftari la wanachama. Namba ya usajili iwe nyeupe, maana ndiyo ya biashara; ya njano ni ya chombo binafsi. Kabla ya kukubaliana, mwambieni awashe taa zote usiku, ya mbele na za nyuma, kisha akanyage breki mtazame nyuma. Bajaji isiyo na taa ya nyuma haina kazi barabara kuu saa 3 usiku, pawe na malori au pasiwe nayo. Mlipeni kwa wiki, siyo kwa mwezi. Aliyeshika fedha ya mwezi mzima hupata dharura tarehe 10. Na muwe na wa akiba ambaye naye anapewa safari moja moja ili asiwasahau, maana mtu unayempigia siku ya shida tu atakutajia bei ya shida. Ratiba ya zamu ikibandikwa, tarehe za jioni zipigwe picha na dereva atumiwe siku hiyohiyo. Mahali pa kupandia pawe chini ya taa ya lango la hospitali, na namba ya chombo itumwe nyumbani kabla hamjaondoka.

Upo pia uwezekano wa kubadilishana zamu. Kila zamu ya jioni anayoibadilisha na ya usiku inamwokolea 3,400 hata baada ya mpango wa bajaji, na asubuhi anarudi nyumbani dhidi ya mkondo, gari tupu, anachagua kiti. Wauguzi wanaoishi jirani na hospitali mara nyingi hupenda za jioni. Usingizi una gharama yake ambayo haimo kwenye hesabu hii, kwa hiyo tusingemshauri azidishe mbili kwa mwezi.

Masika na kile kipande cha udongo

Mvua Mbeya huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Udongo wa maeneo haya una majivu ya volkano: kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye begi, masika ni utelezi. Hapo bei ya boda hupanda siku hiyohiyo mvua inaponyesha, na hupanda kwa haki, maana dereva anaweza kuanguka mara mbili asubuhi moja.

Bajaji ina tatizo lake. Tairi la mbele ni moja, na likiingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji huku dereva amekata usukani, chombo kizima kinalala ubavu. Barabara ikiwa imeinama upande mmoja, mtu mzito akae upande wa juu, mtoto katikati, na begi zito la vitabu liwekwe sakafuni, lisibebwe mapajani. Dereva akisema "shukeni kidogo" kwenye mteremko mbaya, shukeni bila ubishi. Anajua uzito ulipo. Pale ambapo bajaji inakwama mara kwa mara, gumbuti kwa kutembea na viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki ndiyo suluhisho la haraka kuliko yote, na anayeona haya kuvaa gumbuti Mbeya atakuwa mgeni.

Kuanzia Juni hadi Agosti tatizo ni baridi. Kwenye boda ya alfajiri upepo unakata vidole, kwa hiyo koti la upepo juu ya sweta, glovu, na kofia ngumu yenye kioo. Miezi hiyo ya ukavu ndiyo ya kuokoa bajaji ya asubuhi: wakitoka nusu saa mapema na kutembea siku tatu kwa wiki, wanabakiza zaidi ya 20,000 kwa mwezi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kilomita mbili. Asichoweza ni kuvuka barabara kuu peke yake.

Pikipiki na baiskeli

Mdogo mtu alipendekeza wanunue pikipiki. Tuseme ni milioni 3. Mafuta kwa safari ya kama kilomita 22 kwenda na kurudi hospitali ni nusu lita, nafuu kweli. Lakini pikipiki inabeba abiria mmoja, mtoto na mdogo mtu wangebaki na nauli zao zilezile, na muuguzi bado angeendesha peke yake usiku kwenye kipande cha giza. Ongeza leseni, bima, oili, tairi. Haifai kaya hii.

Baiskeli ingefaa kwa kipande cha nyumbani hadi lami, dakika nane badala ya 25, kama kuna duka la kuiacha kwa mia mbili. Chagua ya mtumba yenye gia, ambayo meno madogo ya mbele bado yanashika mnyororo; ile nzito isiyo na gia utaisukuma kila penye mwinuko. Kwenye barabara kuu tusingemruhusu mtu, angalau mpaka upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ukamilike na pembeni paeleweke. Kwa sasa kuna michepuko, vituo vinahamishwa, na lori likipishana na lori mwendesha baiskeli ndiye anayekwenda mtaroni.

Kwa sababu hiyohiyo mdogo mtu aendelee na haisi upande wa Iyunga, hata bajaji ikimwita kwa bei ileile. Kati ya Mafiati na Nzovwe kuna mteremko wa Mbembela, Simike, ambako Juni 2024 lori lililokosa breki liligonga magari na bajaji na kuua watu zaidi ya kumi. Haisi nayo si ngome, lakini bajaji ni bati jembamba na turubai.

Uamuzi

Wabaki Isyesye, wafunge mpango wa bajaji ya pamoja kwa zamu za jioni, waendelee na bajaji ya asubuhi masika na kuipunguza kiangazi. Wawe na sarafu: noti ya elfu kumi saa 12:30 asubuhi inakuletea ugomvi wa chenji, na mtoto ndiye anayepoteza zaidi. Kila jioni 600 ya mtu mzima na 200 za mtoto zitengwe kabla ya kulala.

Uamuzi huu unasimama kwa sababu mdogo mtu yupo. Yeye ndiye anayemvusha mtoto barabara asubuhi ambazo mama hajatoka zamu ya usiku, na ndiye anayempokea kituoni mvua ikinyesha mchana. Akimaliza chuo na kuondoka, nauli ya kaya itapungua lakini asubuhi sita kila mwezi zitabaki bila mtu mzima nyumbani. Hapo Ilomba irudi mezani, au shule iwe ya Isyesye, na mazungumzo na dalali yaanze miezi mitatu kabla kodi ya sasa haijaisha.